Karibuni, Njooni Tule

Polisi walifika saa sita na nusu mchana tukiwa mezani. Walikuwa wanne. Mlango wetu ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mkubwa wao alipiga hodi kwa adabu kabisa, na mama yangu, Mama Rosenda, akajibu bila hata kuinua uso kwenye sahani, kama anavyowajibu watu wote tangu apate akili: "Karibuni, njooni tule."

Ndiyo desturi yetu. Hata mtu anayepita zake njiani, ukiwa na kijiko mkononi unamwambia karibu tule, naye anasema nimeshiba, asante, anaendelea na safari yake. Mwenye malezi hujua kukataa. Hawa hawakukataa.

Mmoja akavuta kiti, akala samaki wetu mkavu kwa mkono. Watatu wakaanza kufungua makabati. Nikauliza hati ya upekuzi iko wapi.

"Hati ya nini tena, dada? Si mama mwenyewe katukaribisha?" alisema yule mlaji, akilamba vidole.

Baada ya dakika kumi mwenzake akatoa kifuko cha unga mweupe ndani ya pipa la mchele. Mchele wa siku ile nilikuwa nimeuchota mimi, asubuhi, kwa mikono yangu. Wakamchukua kaka yangu Rodel, fundi wa mafriji, vidole vyake bado vinanuka siki ya kuchovyea samaki.

Niliyaona yote hayo na sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa ganzi ya jino, daktari akaondoka zake.

Wakili wetu, Bi Quiambao, alitueleza kwa ufupi: kama waliingia bila hati na bila ruhusa, kile kifuko hakihesabiki, na Rodel anarudi nyumbani. "Mama, kila kitu kiko mdomoni mwako. Ukiulizwa kama uliwaruhusu, sema hapana."

"Lakini niliwakaribisha, mwanangu."

"Uliwakaribisha kula, Mama. Si kupekua."

"Haya, nitasema."

Kortini, mwendesha mashtaka alimsogelea kwa sauti ya asali.

"Mama, walipopiga hodi ulisema nini?"

"Karibuni, njooni tule."

"Hukuwafukuza?"

"Nifukuze watu saa ya chakula? Hivi wewe kwenu mlilelewaje?"

Korti nzima ikaangua kicheko. Hata Rodel alicheka, na pingu zake. Mama akafurahi kidogo, akanyoosha gauni lake. Mimi nilikuwa namtazama jaji akiandika.

"Na yule aliyekula, alijipakulia mwenyewe?"

"Hapana. Nilimwongezea wali mimi. Alikuwa amekonda, maskini."

Bi Quiambao akafumba macho.

Jaji alisema mwenye nyumba aliwapokea kwa hiari yake, akawalisha, na makabati yalipofunguliwa hakuwazuia. Mimi kuuliza hati, alisema, hakukuwa kukataa, niliuliza tu. Akampa Rodel miaka kumi na miwili na siku moja. Sheria imeandikwa hivyo, pamoja na hiyo siku. Nimeifikiria sana hiyo siku kuliko ile miaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema. Wanaosema hivyo nawachukia.

Jumapili ya kwanza ya kutembelea wafungwa tulimpelekea wali na samaki. Tulikaa watatu kwenye benchi. Rodel akafungua kopo, akala matonge mawili, akasema samaki wa leo ana chumvi. Askari wa gereza akaja akipita kati ya mabenchi, fimbo kwapani. Rodel akainua kopo, kama alivyofundishwa tangu mtoto.

"Karibu, afande, tu—"

Mama akamziba mdomo kwa kiganja. Hakukitoa mpaka yule askari alipofika mwisho wa ukumbi, na wali ulikuwa bado mdomoni mwa Rodel.