Seng'enge ya Cañada Honda

Mwaka wa nne tangu mumewe akimbie, Eulalia Archuleta bado alilala amejibana ukutani, akimwachia nafasi kana kwamba ametoka mara moja kutazama kondoo. Mchana alifuma mablanketi, akacheka na majirani, akawafokea mbuzi. Lakini kila aliposikia kwato zikishuka kutoka milimani, mkono ulimganda kwenye uzi mpaka farasi apite.

Malisho ya bonde la Cañada Honda yalikuwa ya wote tangu enzi za mababu. Akaja Mmarekani mmoja, Tisdell, mwenye ng'ombe elfu na karatasi ya mahakama, akazungusha seng'enge mpaka mtoni. Kondoo wa kijiji wakakosa maji, wanaume wakaanza kuikata. Alfajiri moja walifumaniwa. Risasi zikalia, na mlinzi wa Tisdell, kijana aitwaye Dowling, akafa papo hapo. Farasi aliyeonekana akitimka pale alikuwa wa Casimiro, mume wa Eulalia. Paji jeupe la farasi huyo lilijulikana bonde zima.

Casimiro hakungoja kitanzi. "Sikuua mtu, mke wangu," alisema akifunga blanketi. "Lakini nani atanisikiliza?" Akaelekea kaskazini.

Tangu hapo aliyemsaidia Eulalia ni mdogo wake, Telésforo. Alimpasulia kuni, akamchungia kondoo, akala kwake kila siku. Eulalia alimshukuru Mungu kwa ndugu wa namna ile.

Mwezi wa Mei, wakikata manyoya ya kondoo, Crescencio wa mikokoteni ya mizigo alisimamisha nyumbu wake langoni.

"Mama, mumeo yu hai! Nimemwona kwa macho haya, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, mji wa Trinidad huko kaskazini. Amebadili jina, amekonda kama fito."

"Hakutuma neno?"

"Alinikataza hata kusema nimemwona. Lakini mimi na siri, wapi na wapi!"

Alipoondoka, Eulalia aliketi juu ya rundo la manyoya.

"Dada, hawa kondoo hawatajikata wenyewe," Telésforo alimtania.

"Nimeanza kuisahau sauti yake," Eulalia alisema. "Uso ninao. Sauti imenitoka. Nikijaribu kuikumbuka, nasikia yako."

Mkasi wa Telésforo ukasimama.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyempiga Dowling risasi. Farasi wangu alikuwa anachechemea, nikampanda wa shemeji. Kabla hajakimbia, shemeji alinishika bega akasema, 'Wewe ni damu yake, mimi ni mtu wa kuja. Kaa naye.' Nami nikakaa."

Eulalia alimtazama kama mtu anayemtafuta jamaa yake kwenye umati.

"Miaka minne unakula maharage yangu?"

"Kila siku nilisema kesho, dada."

"Na kila siku nilikuombea heri! Ukiniona nimesimama pale langoni, ulikuwa unawaza nini? Eh? Sema!"

Eulalia aliinuka, akajipangusa sketi. "Mimi sikupeleki kwa sherifu akufunge. Tumbo moja limetuzaa. Ila leo usiingie ndani."

Telésforo alimaliza kumkata manyoya kondoo aliyekuwa mikononi mwake, maana hakuna mchungaji anayemwacha mnyama nusu. Kisha akatandika farasi na kushuka mjini peke yake kujisalimisha.

Wananchi kumi na wawili walioitwa kuamua kesi, nusu walikuwa watu wa Tisdell, nusu wa kijiji. Ndiyo maana hakunyongwa. Alipewa miaka kumi na miwili. Mama yake Dowling alikaa mbele, mwanamke wa umbo dogo mwenye glavu zilizotiwa viraka, na Eulalia hakuweza kumwangalia. Askari walipompitisha Telésforo, alimwinamia dada yake.

"Yule kondoo mweusi ana kidonda kwatoni. Usisahau kumtazama."

Eulalia akaitikia kwa kichwa.

Eulalia alimtuma Crescencio kaskazini na neno moja tu: rudi. Casimiro alifika Agosti, kwa miguu, makaa yamejichora kwenye mikunjo ya shingo yake. Eulalia alimkimbilia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani, akamshika kwa ngumi mbili, akamnusa kama mama anavyomnusa mtoto.

"Sema kitu," alimwomba. "Chochote."

"Telésforo yuko wapi?" Casimiro aliuliza.

Alipoambiwa, aliketi kizingitini na kuvua kofia. "Nilimwambia akae," alisema. "Sikuenda kule ili naye aende gerezani."

"Na mimi? Kuna aliyeniuliza nataka nini?"

Casimiro aliushika mkono wake, wakakaa vile mpaka kivuli cha nyumba kikawafunika. Ng'ambo, seng'enge ya Tisdell ilikuwa imesimama vilevile, mpya zaidi, na kondoo wao walizunguka nusu siku kuyafikia maji.

Usiku ule Eulalia alimsikiliza mumewe akipumua, akafurahi hadi akaumwa kifua. Hata hivyo kabla hakujakucha alikuwa jikoni, akikanda chapati za safari ya siku tatu hadi gerezani, na bado hakujua atamwambia nini mdogo wake.

"Unakwenda?" Casimiro aliuliza kutoka mlangoni.

"Nakwenda."

Casimiro akatoka kwenda kumtafutia nyumbu wa safari.