Ningu wa Wakwe

Gaudiosa alikuwa ameahidi ningu. Aliahidi kwa simu, kwa mbwembwe zote, kwamba wakwe zake wakitoka Bukoba kuja kwake Muleba Jumapili watakula ningu wa mto wa kijijini, samaki ambaye mjini siku hizi wanamsikia kwa jina tu. Ukweli ni kwamba hakuwa akitafuta sifa peke yake. Binti yake Joanitha anaolewa na kijana wa Kiislamu wa Kashai, huko huko Bukoba, na samaki hahitaji kuchinjwa. Katika nyumba ya Wakatoliki kama yake, samaki angemwepusha na swali la nani kashika kisu.

Basi jua likawaka. Kiangazi kikaukausha mto hadi vikabaki vidimbwi, maji yakawa ya uvuguvugu, na mchana samaki wakawa wanaelea juu wakitweta. Kamati ya mto ikafunga uvuvi mpaka mvua zirudi. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Gaudiosa mwenyewe, aliyepigania mwaka juzi sheria ya kuufunga mto maji yakipungua, kwa maneno makali mpaka watu wakanuna.

Jumamosi shemeji yake Avit akaja na nyavu begani.

"Waitu, shemeji yangu, bango lako linasema marufuku kuvua," akasema kwa upole. "Mimi nitaingia na nguo zangu zote."

Gaudiosa alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akazitazama zile nyavu, maana alishawishika kweli. Samaki wawili watatu tu, nani angejua? Lakini akawakumbuka walivyokuwa wakitweta, akawakumbuka na watu aliowafokea.

"Rudisha nyavu, shemeji. Nikivunja mimi, kesho nitamzuia nani?"

Tangu hapo moyo haukutulia. Mbuzi alikuwepo, ndizi zilikuwepo, lakini kumwambia mkwe ashike kisu wakati ndiyo kwanza amekanyaga uani ni aibu. Na akichinja Avit, wakwe wakaiacha nyama sahanini, Joanitha ataingia vipi katika nyumba ile?

Jumapili wakafika: Mzee Zahoro, baba wa bwana harusi, katika kanzu iliyonyooka, na mkewe Mwamvita. Baada ya salamu Gaudiosa hakuona pa kuzungukia.

"Mkwe, ningu hakuna. Maji yamepata joto, nimeufunga mto mwenyewe. Nina mbuzi hapo nyuma. Naona haya, lakini nakuomba utuchinjie."

Zahoro akamtazama mkewe. Mwamvita akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Mzee akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kisu kilichoviringishwa kwenye kitambaa.

"Nilijua Mhaya hawezi kumwacha mkwe aondoke amekula samaki tu," akasema. "Huyu mama njia nzima ananilaumu kwa nini sikukiacha nyumbani, eti tutawaudhi. Nimekaa hapa najiuliza nitaanzia wapi."

Gaudiosa akapiga kigelegele. Avit akamshika mbuzi, Zahoro akachinja, na Mwamvita akajifunga kanga akaingia jikoni kumenya ndizi bila kungoja kukaribishwa.

Chakula kilipoiva, Mwamvita alitazama huku na huku kwenye mkeka. Joanitha alikuwa amejifungia chumbani tangu asubuhi kwa woga. Mwamvita akaenda mwenyewe kugonga mlango.

"Mwanangu," akaita, "toka uje ule na mama zako."