Kiti Kilichogeuziwa Ukuta

Kifuniko cha birika kilikuwa kinagongagonga. Nilijua kwa kiganja, si kwa sikio: nilikuwa nimeuweka mkono kwenye meza ya jiko, na meza ilikuwa inanidonoa kama kifaranga. Nje bado giza. Nilikuwa nimeshapiga pasi gauni mara mbili, nimeifungua bahasha ya karatasi zangu na kuifunga sijui mara ngapi.

Binti yangu alitokea mlangoni, mtoto begani. Alisogea mpaka kwenye mwanga wa taa ndipo akafungua mdomo.

"Mama, haya ni maji matupu. Majani ya chai umetia wapi?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimeyatia kwenye kopo la sukari.

Alicheka kidogo, akaacha. Siku ile alikuwa ameomba ruhusa kazini. Yeye huoka mikate, hutoka alfajiri, na mimi ndiye ninayebaki na mjukuu. Mjukuu ana miezi minane. Jirani yetu amempachika jina la Kengele kwa jinsi anavyolia. Mimi kilio hicho nilikuwa nasimuliwa tu.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Kengele alibanwa kati ya kitanda na ukuta. Mimi nilikuwa jikoni, nimeupa mlango mgongo, nachambua mchele huku naimba. Jirani ndiye aliyeruka uzio, akanipita mbio mpaka chumbani. Mtoto hakuumia, ila alikuwa amelia mpaka amekuwa mwekundu macho. Jioni binti yangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniambia taratibu, nione kila neno, "Mwisho wa mwezi ujao nitampeleka kwa mama mkwe." Mama mkwe wake anaishi mbali, mwendo wa siku mbili barabarani.

Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika ukumbi wa kufuma wa kiwanda cha nguo, mashine nambari kumi na saba. Zikipiga mashine mia mbili kwa pamoja, hata ukikohoa hujisikii. Tulizoea kuongea kwa midomo bila sauti. Tulitaniana hivyo, tuliposana hivyo, na mabosi tuliwasengenya wakiwa wamesimama mbele yetu. Masikio yaliniondoka polepole, kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa, usijue ni kufua kupi kulikoimaliza.

Mtu aliyeharibiwa masikio na kazi ana haki kwenye Mfuko wa Fidia: mashine za masikio, betri zake, na kupimwa kila mwaka. Jirani yule yule alinijazia fomu, akakataa hata kikombe cha chai. Jibu likarudi: ombi limekataliwa, mdai anasikia mazungumzo ya kawaida bila shida.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya kupimwa nilitaka nifaulu. Nilivaa vizuri, nikakaa wima, daktari akiuliza nikajibu hapo hapo, maana alikuwa na mdomo msafi usio na ndevu. Halafu wakaniingiza kwenye chumba kidogo chenye dirisha la kioo, wakanivisha vitu masikioni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Kupitia kioo nililiona bega la kijana mpimaji likiinuka kila alipogusa chombo chake. Bega likiinuka, nabonyeza. Niliona ndiyo adabu, mtoto wa watu asifanye kazi bure. Nilitoka mle nikijiona wa kwanza darasani.

Sasa ilikuwa siku ya rufaa, na barua ilisema hakuna nyingine baada ya hiyo. Walitaka nije na shahidi wa kazini. Wenzangu wengine wamehama, wengine wako makaburini. Niliyempata ni msimamizi wetu wa zamu, ambaye tulimwita Filimbi, kwa kuwa alikuwa akipuliza filimbi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia. Alikuwa mkali yule bwana. Alisoma midomo yetu akiwa upande wa pili wa ukumbi, kisha akatuandikia ripoti. Sikumpenda. Nilipomwendea kwenye chumba chake alichokaa peke yake, nikamweleza na habari za mjukuu anayelia nisimsikie, aliisoma barua yangu mara mbili, akasema, "Nitaangalia." Basi.

Ofisini kwa Mfuko nilikaa, nikasimama, nikaenda getini, nikarudi. Binti yangu alinivuta gauni.

"Mama, tulia. Unanitia kizunguzungu."

"Hajaja."

"Atakuja."

"Humjui Filimbi."

Mlinzi alinitazama nikienda na kurudi, kisha akabeba kiti chake mwenyewe akakiweka mahali ambapo ningeliona geti bila kusimama. Yeye akaegemea ukuta. Sikumuomba.

Tuliitwa kabla Filimbi hajafika. Nilijua tumeitwa kwa kuwa binti yangu alinigusa kiwiko. Afisa wa rufaa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Kando yake alikaa kijana yule yule mpimaji.

"Karibu, mama. Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

Binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Umekuja na nani?"

"Na binti yangu huyu. Ananikanyaga."

Afisa alicheka, akaandika kitu. Nikaiona kalamu ile inavyokimbia, nikajua nimeharibu tena. Ningefanyaje? Mtu akikuuliza kwa upole, unanyamaza?

Hapo nikamwona Filimbi mlangoni. Shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, jasho linamtoka. Akachezesha midomo bila sauti, kama zamani: "Kumi na Saba, funga mdomo."

Nikaufunga. Mazoea ya miaka ishirini na sita.

Kisha akaongea kwa sauti, na sauti hiyo lazima ilikuwa kubwa mno, kwa sababu afisa aliruka kwenye kiti na kalamu ikaanguka.

"Anakusoma huyo! Hakusikii, anakusoma! Mgeuze kiti!"

Wakanigeuza. Mbele yangu kukawa na ukuta wa kijani, tundu la msumari, na sisimizi mmoja anayepanda. Nikangoja waanze. Nilifikiri labda wanatafuta karatasi. Nikafikiria Kengele aliyebaki kwa jirani, kama amekula. Miguu ilikuwa inaniwasha kutaka kugeuka, lakini nilishaambiwa nikae, nikakaa. Sisimizi akalifikia tundu, akachungulia, akapita. Nikawaza, hawa watu mbona hawaanzi?

Mkono ulinigusa bega. Nikageuka. Binti yangu alikuwa ameloa uso mzima.

Alinisimulia baadaye. Afisa aliniuliza maswali tisa. Kisha akamwambia binti yangu ajaribu yeye. Akaniita "Mama." Akaniita tena. Akapiga kelele mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Alikuwa hatua mbili nyuma yangu.

"Siku zote nikikuita kutoka chumbani ukikaa kimya," alisema, pale pale mbele ya watu, "nilikuwa najiambia mama amenuna."

"Ninune kwa lipi?"

"Sijui. Wewe si unanuna!"

"Nanuna, ndiyo. Lakini si kila siku."

Mpimaji alikuwa ameinamisha kichwa. Alinirudisha kwenye kile chumba kidogo, akavua koti lake jeupe, akalitundika juu ya kioo nisimwone. Safari hii nilibonyeza mara nne tu, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa nabahatisha.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Wamekubali: mashine za masikio yote mawili, betri, na kuangaliwa kila mwaka. Kijana yule alinivalisha mwenyewe. Alinifundisha kuzisafisha mara tatu, na kila mara kama ndiyo ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilichemsha maji. Kumbe kile kifuniko kina fujo hivi! Nikakitoa, nikakirudisha, nikakitoa. Kisha mjukuu akaamka chumbani, na nikakubali kwamba jirani hakumsingizia mtu. Niliacha kila kitu nikakimbia. Nilipokuwa namnyanyua niliuona ule mfuko ambao binti yangu alikuwa ameanza kupangia nguo za mtoto za safari ya kwa mama mkwe. Ulikuwa mtupu, umetundikwa nyuma ya mlango.

Jumamosi nilikwenda kumshukuru Filimbi. Nilibisha, nikabisha, kimya. Mwishowe nikazunguka dirishani nikapunga mkono mpaka akaniona. Hapo ndipo akili iliponijia. Miaka yote ile alisimama katika ukumbi ule ule.

"Na wewe mbona hujadai?" nilimuuliza, tukiwa tumekaa kwenye viti vyake viwili, kimoja kikiwa na vumbi.

"Nidai nisikie nini? Humu ndani hamna mtu."

Nilikuwa nimebeba fomu kwenye mkoba, nikaitoa. Mwandiko wangu ni mkubwa na wa polepole. Nilimuuliza miaka, ukumbi, zamu, naye akajibu huku akitazama pembeni. Tulipofika mahali pa shahidi aliisogeza karatasi upande wangu.

"Nani atanishuhudia mimi? Nyote mlikuwa mnanichukia."

"Tulikuchukia sana," nikasema. Nikaandika jina langu.

Nilikuwa nimeshafika barabarani, pikipiki mbili zinapita, kelele mpya zote zimenivamia kichwani, nilipohisi natazamwa. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni pake, vifungo mpaka shingoni. Hakupaza sauti. Alichezesha midomo tu, vile vile kama ukumbini, nami sikukosa hata neno.

"Kumi na Saba. Uje tena Jumamosi. Uje na huyo anayelia."