Kikwembe Chini ya Koti

Mzee Buhendwa, aliyetufundisha sisi wajitoleaji kuongoza timu za kulea wanyama pori, alikuwa na sheria moja iliyonikera kuliko zote: mama wa mnyama ni koti, si mtu. Kila anayeingia kumnywesha mtoto wa kima anavaa koti lile lile la bluu na hasemi neno. Mtoto akilizoea koti, yeyote anaweza kumlea, na siku ya kurudishwa porini hatakuwa na binadamu wa kumlilia.

Nikaitikia, ndiyo Papa, kama tulivyozoea kumwita. Kisha nikafanya nilivyotaka, maana kwa ubishi mimi sijambo.

Kima wetu tulimwita Saba, kwa namba ya kizimba chake. Alikutwa Bunagana, mpakani, ndani ya kikapu cha mtu wa magendo, chini ya maharagwe. Bunagana hiyo hiyo ndiko alikokwenda na lori mume wangu Djibril, mwaka ule waasi walipouteka mji, na mpaka leo hakuna aliyeniambia yuko wapi. Watoto hatukujaliwa. Nyumbani Majengo ninabishana na redio. Basi zamu yangu ikifika nilikuwa nafungua vifungo vya koti na kumlaza Saba juu ya kikwembe changu, kitenge nilichokifukiza udi. Alikuwa anashika pindo kwa vidole vyote, ananyonya chupa, analala. Tulikaa hivyo miezi mitatu. Katika orodha ya mashefu wapya, yaani viongozi wa timu, jina langu lilikuwa la kwanza, kwa kuwa kwa wenzangu Saba alinyonya nusu chupa tu, kwangu akaimaliza. Nikajiona fundi kweli kweli.

Jumamosi moja ya Mei mlima wa moto ulio karibu na mji wetu ukalipuka. Alhamisi asubuhi tukaamriwa kuuhama mji. Lori la kituo likaondoka na wanyama kwenda Minova kabla sijafika, nami nikatembea na umati mpaka Sake, mzigo kichwani, bila mtu wa kuniambia nipumzike.

Kesho yake Mzee Buhendwa akanipigia simu.

"Alima, Saba anakataa maziwa tangu jana. Igihozo, mupya wetu, anavaa koti, anamupa chupa, Saba anaisukuma. Mutoto atakufa. Ulimufanyia nini?"

Ningeweza kudanganya. Ushefu wangu ulikuwa unaniponyoka.

"Papa, nilimuzoesha kikwembe yangu."

"Kuya nayo," akasema.

Pikipiki ikanifikisha Minova jioni. Njia nzima nilikuwa nafurahi, nakiri. Mtoto yuko hatarini nami nafurahi, kwa sababu miaka tisa ilikuwa imepita bila kiumbe yeyote kunihitaji namna ile.

Mzee hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu. "Mupe Igihozo."

"Papa, acha nimunyweshe mimi mwenyewe."

"Na kesho? Na siku ile hauko? Shefu anafanya mutoto aishi pasipo yeye."

Nikakifungua kikwembe, nikabaki na gauni. Igihozo, mwalimu wa shule aliyejiunga nasi mwezi uliopita, akajifunga juu ya koti. Nikamwelekeza kwa kunong'ona kutoka mlangoni:

"Mukono chini ya shingo. Usimuangalie. Ngoja ashike pindo."

Saba akanusa, akashika pindo. Akainyonya chupa yote, na machozi yakamtoka Igihozo.

Nikasogea hatua moja. Saba akaniona. Akanionyesha meno, kama anavyomwonyesha kila mgeni asiye na koti wala kikwembe, kisha akajificha ndani ya kikwembe.

Niliumia, sina neno lingine. Nilimshukuru Mungu kwamba atapona, na papo hapo nilitamani anililie, hata kidogo tu. Igihozo akanipungia mkono niingie. Nikatikisa kichwa, nikarudi nyuma mpaka Saba asinione tena.