Ubao wa Gitare na Mukono wa Mama

"...na amekataa, Odile! Mama amekataa kabisa! Niko naruka hapa kama mutoto!"

Mu simu, dada yake Odile, anayekaa Kigoma, akashangaa. "Amekataa na wewe unafurahi? Evodie, uko muzima?"

"Acha nikuelezee!"

Miezi yote hii, kitu kilichomuuma Evodie ni mukono. Guelord, mupiga gitare wa korali anayetaka kumuoa, akija kumuona, Mama Hortense anamupa mukono, tena anautingisha: "Karibu, mutoto wa gitare!" Guelord, muntu wa Kabimba, akienda kwao anamuambia Evodie na meno yote inje: "Mama yako ananipenda sana." Maskini! Mama ni wa Ankoro. Kwao, mama mukwe na mukwe wake hawagusane hata kidole, na Guelord hakujua hiyo. Mukono ule njo ulikuwa unasema: wewe ni mugeni tu, binti yangu hujamupata.

Sasa leo muchana Guelord akaleta gitare ya kuunga, vipande vyote mu kartoni, wakaitandika juu ya meza ya baraza. Kazi ilikuwa kubandika ubao wa mbele, ule wenye tundu. Mustari uliochorwa na kreyo katikati ya ubao ulipaswa kukutana na ule wa shingo juu, na ule wa chini pia. Ukipotoka kidogo tu, nyuzi zitatembea pembeni ya shingo, gitare imekufa. Wakapaka koli, gundi ya mbao, juu ya mbavu za gitare, wakalaza ubao. Guelord akaukandamiza na viganja viwili, Evodie akaanza kuzungusha mipira ya pikipiki, ile wanafungia mizigo.

Mupira ukakatika. Ubao ukateleza.

"Unatoka! Unatoka!" Guelord akalia. "Evodie, leta mupira mwingine! Mama, nisaidie, kamata hapa karibu na mikono yangu!"

Mama Hortense aliacha muchele aliokuwa anachambua, akafika mbio, akanyoosha mukono. Halafu akaurudisha haraka, akauficha ndani ya kikwembe alichojifunga, akageuza uso.

"Mama, koli inakauka!"

"Hata ikauke! Nigusane na mukwe wangu mbele ya majirani? Mutaniua na haya!"

Guelord, muntu wa watu, akazani amefukuzwa. Mikono ikamulegea, ubao ukazidi kwenda. Evodie njo alijitupa juu ya gitare na viwiko vyote, akausukuma mpaka mistari ikakutana, huku anacheka na machozi.

"Kaza, mujinga! Amekuita mukwe!"

Kule Kigoma, Odile akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Na ubao? Umekaa sawa?"

Evodie akachungulia baraza. Gitare ilikuwa imefungwa mipira kama muzigo wa soko. Guelord alikuwa amekaa kule mbali, macho chini, adabu tupu. Mama alikuwa anamuwekea sahani ya fufu juu ya kiti, akiwa amemupa mugongo.

"Hatujue bado, koli iache ilale. Kesho asubuhi tunafungua mipira. Wewe njo wa kwanza, nitakupigia nikwambie yote."