Ngazi Tatu za Mama Tonge

Uwanja wa nyuma wa nyumba ile ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa chini ni hatua tisa tu, lakini mtoto akiteleza ya kwanza, hizo nane zilizobaki anapelekwa bure. Tonge, kitinda mimba wa miaka miwili, alishapelekwa mara tatu. Mara ya tatu alishonwa kidevu.

Hapo mama mkwe akatoa neno lake, tena bila kupandisha sauti.

"Jumamosi nakuja kumchukua mjukuu wangu. Kwangu ni tambarare. Akifika miaka mitano nitamrudisha."

"Lakini mama, mtoto ana mama yake," alisema Mama Tonge.

"Mama anaye. Uwanja hana."

Baba watoto, dereva wa malori ya safari ndefu, alipopigiwa simu alisema, "Mama akishasema, mimi niongeze nini?" Simu ikakatika, au ilikatwa.

Mama Tonge hakulia. Kwao alikokulia, shamba la mlimani halipandwi kitu mpaka likatwe ngazi: kipande tambarare, ukingo wa mawe, kipande tambarare, ukingo tena. Kama viazi havikuporomoka, watoto wataporomokaje? Basi Jumatano asubuhi, akiwahi kazini kwake kufua mashuka ya zahanati, alimwita fundi wa mtaani na kumwachia maagizo mguu mmoja ukiwa njiani.

"Fundi, nataka ngazi tatu, toka mlangoni mpaka ukutani."

"Tatu tu? Hiyo si kazi, dada, hiyo ni mazoezi."

Aliporudi alasiri alikuta ngazi kweli. Ngazi za kukanyaga! Vidato vitatu vya mawe na saruji katikati ya mteremko, kimoja juu, kimoja kati, kimoja chini, upana wa mtu mmoja. Kila kimoja kilimfika Tonge kifuani. Kushoto na kulia, mteremko ni uleule.

"Fundi, umenijengea nini?"

"Ngazi tatu. Hesabu mwenyewe." Fundi alijikuna kisogo. "Hata mimi nilishangaa, nikajiuliza, hapa wanaishi majitu? Lakini mteja ni mfalme."

"Nilitaka ngazi za shamba!"

"Sasa mimi nimejenga nyumba maisha yangu yote, shamba nalijulia wapi? Na kesho nina msingi wa watu, siwezi kurudi."

Mama Tonge alimeza hasira ikashuka kama kidonge kikavu. Akachuchumaa, akavitazama vile vidato kwa muda, mpaka fundi akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Ngoja. Kidato hiki nikikivuta huku mpaka ukuta wa kushoto, na huku mpaka wa kulia, halafu nijaze udongo nyuma yake?"

Fundi alisimama. "Unapata uwanja uliolala," alisema polepole. "Mama, kumbe nimekupimia bila kujua."

"Basi niachie mpira wako wa maji."

Ulikuwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Fundi alimwelekeza: huyu ashike ncha hii, yule ncha ile, maji yakitulia, pande zote mbili ziko sawa. "Maji hayana upendeleo," alisema, akaenda zake.

Alhamisi na Ijumaa Mama Tonge aliomba ruhusa kazini. Binti yake mkubwa, mwenye miaka saba, alishika ncha ya pili na kupiga kelele, "Mama, yako imezidi! Shusha!" Akashusha. Alichimba juu akatupa chini, akapanga mawe, akayavunja alipoona yamebenua tumbo, akayapanga upya. Ukingo aliupandisha juu ya udongo shubiri mbili ili mtoto asivuke, na chini akaacha vitundu vya kupitisha maji. Kiuno kilimwambia apumzike. Akakijibu, "Nawe subiri Jumapili."

Jumamosi saa nne mama mkwe aliingia, akapitiliza sebule moja kwa moja mpaka nyuma. Ngazi mbili zilikuwa zimelala. Ya tatu ilikuwa bado lundo la udongo, imezibwa kwa ubao. Bibi alishuka ya kwanza, akakanyaga kwa kisigino, akausukuma ukingo kwa goti. Ukingo haukutikisika. Tonge alipita mbio kutoka ukuta hadi ukuta, akajikwaa, akaanguka palepale alipojikwaa, akainuka na kuendelea.

"Na hiyo ya chini?"

"Bado, mama."

"Tulisema Jumamosi."

"Tulisema. Nitaimaliza Tonge akiwa hapahapa nyumbani kwake. Haendi popote, mama, na nakuambia kwa heshima zote."

Mama mkwe alimtazama mkwewe, akamtazama mjukuu aliyekuwa sasa anakula udongo.

"Mtoe huo udongo mdomoni," alisema. "Nitarudi Jumamosi ijayo."

"Kumchukua?"

"Kuikagua ya tatu."

Kabla bibi hajafika getini, jembe lilikuwa limeshaanza kulia huko chini.