Ndoo ya Nyamusi

Jumanne saa nane mchana Bonareri alifunika nyanya zake katika soko la Migori, akanawa mikono, akaenda studio ya Barnabas kuchukua wimbo wa kwaya. Studio iko nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na kuta zake zimepigiliwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Binti yake Nyamusi aliimba humo mwezi Januari, ubeti wa kwanza peke yake, kwa sauti ya chini. Machi alifariki. Hakuacha rekodi nyingine.

Barnabas alimpa kiti, kisha akampa ndoo nyeupe ya mafuta ya kupikia, yenye kifuniko.

"Hii ni ya nini?"

"Ni msichana wako, Mama. Nilipobana wimbo, alitoka."

Akamweleza taratibu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Kubana ni kushusha sauti kubwa na kupandisha ndogo mpaka zilingane, kisha kuzisukuma zote juu, ili wimbo usikike hata kwenye pikipiki inayokimbia. Sauti nyingi hukubali. Ya Nyamusi ilisukumwa mara tatu, ikatokea upande wa feni ya kompyuta, ikalala sakafuni, kubwa kiasi cha paka. Nafasi yake Barnabas aliijaza kwa kinanda. Mabaki ya kwaya nyingine huyamwaga nje, ingawa mwenye kinu amelalamika kwamba siku hizi unga wake unavuma.

Bonareri alifunua ndoo. Nyamusi alikuwa anaimba. Kabla ya mstari wa pili akavuta pumzi, kama alivyozoea.

"Mrudishe kwa wimbo."

"Watu hawataki hivyo, Mama. Tuliwauliza."

Ni kweli waliulizwa. Kamati ya kwaya ilipeleka spika stendi ya Migori, ikawachezea watu arobaini rekodi mbili, ya asili na iliyobanwa. Thelathini na wanne walichagua iliyobanwa. Kamati ikapiga kura, na mwenyekiti, Mzee Okari, akatia sahihi.

Bonareri alikwenda kwa katibu wa kwaya, Mwalimu Elkanah, ambaye hakuwa na haraka ya kulaumu. Alisoma kumbukumbu za kikao mara mbili, kisha akamwuliza Barnabas swali moja: kati ya rekodi ya kwanza na ya pili, spika iliongezwa au ilipunguzwa?

"Sikugusa kitu, Mwalimu. Sikutaka kupendelea rekodi yoyote."

Kosa lilikuwa hapo. Rekodi iliyobanwa hutoka na nguvu zaidi hata kama spika haikuguswa, na mtu aliyesimamishwa kando ya barabara kwa nusu dakika huchagua yenye nguvu akidhani amechagua nzuri. Elkanah aliazima spika, akaenda Homa Bay, ambako hakuna aliyeijua kwaya. Akaipunguza ile iliyobanwa mpaka kipimo cha sauti kwenye simu yake kikaonyesha kiwango kilekile kwa zote mbili. Akauliza watu arobaini. Ishirini na tisa walichagua ya asili.

"Rudia hiyo ya huyu msichana," alisema mama mmoja muuza samaki. "Huyu anapumua. Hiyo ingine inanigombeza tu, na sijaikosea."

Elkanah aliyaandika majibu yote, akayapeleka kwa kamati. Bonareri alikuja naye, ndoo mkononi. Mzee Okari alisoma karatasi mpaka mwisho.

"Mwalimu, hawa ni watu wa Homa Bay."

"Masikio ni yaleyale, Mzee."

"Kura ilishapigwa."

"Ilipigwa juu ya jambo ambalo si kweli."

"Lakini ilipigwa," alisema Okari, na wajumbe wakakubali kwamba ndiyo, ilipigwa.

Bonareri alisimama. "Mlikula kwangu siku ya mazishi. Mkashika kipaza sauti mmoja mmoja, mkasema Nyamusi hatasahaulika katika kwaya hii. Si hata majani hayajaota pale kaburini!"

Okari aliuliza ni nani anashughulikia turubai la makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka.

Sabato ya makambi, waumini walikaa chini ya turubai hilo, na Barnabas akaucheza wimbo uliobanwa kwenye spika. Bonareri alikuwa kwenye benchi la tatu, ndoo mapajani. Kinanda kilipoanza ubeti wa kwanza, alifunua kifuniko. Nyamusi akaimba. Jirani yake Jerusha alisogea kidogo ili ndoo ipate nafasi, akaifungulia kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa unaofaa.

Shemasi Stanley alikuja ameinama, kwa adabu.

"Mama Nyamusi, pole sana. Tunaomba ufunike. Anaharibu wimbo."

"Ni wimbo wake, Stanley."

Stanley alilifikiria hilo. Kisha akaenda mbele kwa Barnabas, akamnong'oneza, na Barnabas akaongeza sauti ya spika, akaongeza tena, mpaka Bonareri akalazimika kuingiza kichwa ndani ya ndoo ili amsikie mwanawe.